Pua Iliyoziba Upande Mmoja: Kwa Nini Daktari Hakati Kinyama Siku ya Kwanza

Pua kuziba Dar es Salaam si habari. Kuna vumbi la barabara zinazochimbwa, unyevu wa pwani, na kiyoyozi cha ofisini kinachopuliza tangu saa mbili asubuhi. Mtu anaamka pua zote mbili zimegoma, anapiga chafya mfululizo, anapita duka la dawa kununua dawa ya matone na maisha yanaendelea. Pua nyingi zinazoziba ni mzio au mafua, na hizo hazihitaji makala ndefu.

Hapa nazungumzia pua inayoziba upande mmoja, upande uleule, wiki hadi wiki na mwezi hadi mwezi. Mafua hayachagui upande, mzio vilevile. Hata vile vinyama laini vya kijivu vinavyoota kwa wenye mzio au pumu, ambavyo wengi huviita nyama za pua, kwa kawaida huota pande zote mbili. Kwa hiyo mtu mzima akisema, "Daktari, ni huku kulia tu, kushoto napumua vizuri," daktari wa pua, koo na masikio husogeza kiti karibu.

Huenda ukuta wa kati wa pua umepinda tu, jambo la kawaida sana. Kwa mtoto wa miaka mitatu, usaha wenye harufu unaotoka upande mmoja mara nyingi ni shanga, punje ya harage au kipande cha sponji ya godoro alichojichomeka mwenyewe. (Kama ni betri ndogo ya saa, kimbia hospitali saa hiyohiyo, maana huunguza na kutoboa ukuta wa pua ndani ya saa chache.) Hayo yakishaondolewa ndipo tunafika kwenye uvimbe unaoota ndani ya pua. Upo wa saratani, na upo usio wa saratani. Huu wa pili ni wa nadra na una aina nyingi. Ukishikwa vibaya unaweza kumuumiza mgonjwa kuliko ungeachwa ulivyo.

Kwenye benchi la kusubiria manung'uniko huwa yaleyale: nyama yenyewe inaonekana, daktari kaiona kwa tochi, kwa nini asiikate tukaenda nyumbani? Kwa nini kwanza picha, halafu kipimo kingine, halafu tarehe nyingine? Nauli ya kutoka Chanika imeliwa na siku ya kazi imepotea. Manung'uniko hayo nayaona ya haki, na wahudumu wengi hawayajibu. Wanaandika tu fomu na kuita jina linalofuata.

Nyumba yenye korido

Fikiria nyumba ya Uswahilini pale Magomeni: mlango wa mbele, korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Kila tundu la pua ni korido ya namna hiyo. Vyumba ni sainasi, mifuko ya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne kwa jumla, na kila kimoja kina mlango mdogo unaofungukia koridoni. Uani ni pale pua inapokutana na koo, na hapo ndipo mrija wa sikio unapotokea.

Sasa uvimbe unaweza kuonekana koridoni kumbe mzizi wake uko chumbani. Unaweza pia kuziba milango, makamasi yakakwama vyumbani, mgonjwa akatibiwa "sainasi" kwa antibayotiki mara nne kwa mwaka bila mtu kuangalia kilichoziba. Ukifika uani, sikio moja linaziba. Ukisukuma pembeni unakutana na ukuta wa jicho, ambao unene wake haufiki nusu milimita: machozi hutiririka bila kulia, jicho linasogea mbele, mtu anaona vitu viwiliviwili. Ukisukuma chini, jino la juu linalegea au shavu linakufa ganzi. Dari ya pua nayo ndiyo sakafu ya ubongo.

Hiyo dari ndiyo sababu ya kwanza ya daktari kutokata haraka. Wapo watoto wanaozaliwa na upenyo mdogo darini, utando wa ubongo na wakati mwingine ubongo wenyewe ukateremka puani. Kwa tochi inaonekana nyama laini tu, inayovimba kidogo mtoto akilia. Ukiikata, maji ya ubongo yanavuja na vijidudu vinapata njia ya kupanda juu. Kwa macho matupu hakuna anayeweza kuitofautisha kwa uhakika na kinyama cha kawaida, ila picha inaweza.

Kijana na damu

Sababu ya pili ina jina refu: angiofibroma ya ujana. Huu ni uvimbe wa wavulana, karibu wote wakiwa kati ya miaka kumi na ishirini na kidogo. Kwa msichana ni nadra kiasi kwamba daktari akiambiwa ni huo, kwanza atauliza kama maabara hawakukosea.

Chukua kijana wa miaka 15 anayesoma sekondari Mbagala. Muhina unamtoka darasani, wenzake wanamwambia ni jua. Nyumbani analazwa chali na kumwagiwa maji kichwani. (Hapana. Mkalishe, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa vidole dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia, apumue kwa mdomo. Ukimlaza chali damu inaingia tumboni, atatapika na mtazidi kuogopa.) Miezi inapita. Anakoroma, sauti imekuwa ya puani, ukimfunua kope la chini ndani kumepauka kwa kupungukiwa damu. Mama anampeleka hospitali ya Temeke.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Damu hutoka pua ipi?"

"Kulia. Siku zote ni kulia."

Mvulana wa umri wa kubalehe, pua moja imeziba, muhina wa upande uleule. Kwa mseto huo daktari aliyefundishwa vizuri haruhusu mtu yeyote kugusa uvimbe kwa chuma. Sababu iko kwenye mishipa yake. Ukijikata kidole, mishipa midogo hujibana yenyewe kwa sababu kuta zake zina misuli, na damu hupungua hadi kukata. Mishipa ya angiofibroma haina tabaka kamili la misuli, kwa hiyo haiwezi kujibana. Uvimbe wenyewe huanzia nyuma kabisa ya pua, karibu na tundu ambamo mshipa mkuu wa damu wa eneo hilo huingilia, na hulishwa na tawi la mshipa mkubwa wa shingoni. Kuchukua kinyama cha kupima kwenye uvimbe wa aina hii, kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, ni kuanzisha mvujo wa damu ambao pamba haiwezi kuuzuia.

Ndiyo maana hapa utaratibu uliozoeleka wa kukata, kupima kisha kutibu hugeuzwa. Utambuzi hutegemea picha. CT (picha za eksirei zinazoonyesha kichwa tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya kung'arisha mishipa huonyesha uvimbe unaong'aa kwa damu, tundu lililopanuka, na ukuta wa nyuma wa sainasi ya shavuni uliosukumwa kwenda mbele kama upinde. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huongeza habari ya umefika wapi kuelekea jicho na ubongo. Maabara itathibitisha baadaye, uvimbe ukishatoka wote.

Kabla ya upasuaji, penye uwezo, daktari wa radiolojia tiba hupitisha mrija mwembamba kutoka pajani au mkononi hadi kwenye mishipa inayolisha uvimbe, akaiziba kwa chembechembe maalumu. Upasuaji hufuata ndani ya siku moja hadi tatu, kabla uvimbe haujajitafutia njia nyingine za damu. Kwa muda mrefu Tanzania haikuwa na mafunzo ya fani hiyo, na programu ya kwanza ilianza hospitali ya taifa ya Muhimbili, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha tiba cha MUHAS, mwaka 2019. Pasipo huduma hiyo, wapasuaji hufunga mshipa shingoni, huandaa chupa za damu na kujipanga kwa kazi ndefu zaidi. Ndugu wakiombwa kuchangia damu kabla ya tarehe ya upasuaji, wasidhani ni urasimu.

Uvimbe mdogo au wa kati siku hizi hutolewa kwa kupitia puani, bila kovu usoni. Mkubwa huhitaji kupasuliwa chini ya mdomo wa juu au pembeni mwa pua, na ukiwa umeingia fuvuni, wapasuaji wa ubongo huitwa. Kwa Muhimbili hilo si safari, kwa sababu MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo, iko eneo hilohilo. Kipande kilichong'ang'ania karibu na mshipa wa fahamu wa jicho wakati mwingine huachwa makusudi kikafuatiliwa kwa picha. Mionzi ipo, ila kumchoma kijana wa miaka 15 mionzi ya kichwa kwa uvimbe usio saratani ni uamuzi wa mwisho.

Mzee na kinyama kinachorudi

Ukihama kutoka kwa kijana kwenda kwa mtu wa miaka hamsini, mambo hubadilika. Mshukiwa wa kwanza hapa ni papiloma inayogeukia ndani. Tabia yake iliwashangaza wataalamu wa hadubini tangu zamani, na Ringertz wa Sweden aliieleza vizuri mwaka 1938: badala ya ngozi laini ya pua kuota kwenda nje kama chunjua, inajikunja na kuzama ndani ya tishu iliyo chini yake. Huwapata wanaume zaidi, karibu watatu kwa kila mwanamke mmoja. Baadhi huhusishwa na HPV, jamii ya virusi vya chunjua, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa mchango wake.

Kisheria, tuseme, haina hatia, maana si saratani. Lakini ina rekodi mbaya. Hula mfupa kwa kuusukuma polepole, hurudi baada ya kutolewa, na kati ya wagonjwa mia, kama watano hadi kumi hivi hukutwa saratani imechanganyika humo au inatokea baadaye. Mgonjwa anayeambiwa "si saratani" na kuacha kwenda kliniki amesikia nusu tu ya jibu.

Kuhusu kurudi, rudi kwenye ile nyumba. Zamani mpasuaji alikamata kinyama kilichoonekana koridoni, akakivuta, pua ikafunguka, mgonjwa akashukuru. Mzizi ulibaki chumbani, na katika ripoti nyingi za zama hizo zaidi ya nusu zilirudi. Ndiyo asili ya wale wazee wanaokuambia wamekatwa nyama za pua mara tatu. Siku hizi lengo la upasuaji limehama: kinachotafutwa ni pale uvimbe ulipojishikiza. Pakipatikana, ngozi yote ya hapo inaondolewa na mfupa wa chini yake unasuguliwa kwa mashine ndogo ya kuchimba. Kwa njia hiyo zinazorudi zimeshuka hadi kama moja kati ya kumi.

Hapo ndipo CT inapostahili gharama yake. Mahali mzizi ulipo, mfupa mara nyingi hunenepa, kama doa jeupe zito kwenye ukuta uliopaswa kuwa mwembamba. Mpasuaji anaingia chumba cha upasuaji akijua anaelekea chumba kipi. MRI, inapopatikana, hutenganisha uvimbe na makamasi yaliyokwama nyuma yake, vitu ambavyo kwenye CT hufanana sana, na huonyesha mikunjo ya mawimbi ambayo ni alama ya papiloma hii.

Kwa mgonjwa wa namna hii kuchukua kinyama cha kupima kabla ya upasuaji kunafaa, lakini baada ya picha. Tena kipande kimoja hakitoshi kumtuliza mtu, maana saratani inaweza kujificha upande ambao mkasi haukugusa. Kwa hiyo siku ya upasuaji kila kitu kilichotolewa kinapaswa kwenda patholojia, maabara inayochunguza vinyama kwa hadubini. Nasisitiza kwa sababu mahali pengi bado vinatupwa. Kinyama kinawekwa kwenye kichupa chenye fomalini, dawa ya kuhifadhi vinyama, ya kutosha kukizamisha kabisa, si maji wala spiriti, na ubavuni panaandikwa jina, umri, upande wa pua na tarehe. Ukipewa kichupa mkononi ukipeleke maabara mwenyewe, soma hiyo karatasi kabla hujapanda daladala. Upande wa pua usipoandikwa, uliza.

Majibu nayo huweza kushangaza. Kinyama chekundu chenye vidoadoa vyeupe huweza kuwa rinosporidiosi, maambukizi ya vijidudu vinavyohusishwa na maji yaliyotuama. Inajulikana zaidi India na Sri Lanka, lakini Afrika Mashariki nayo imewahi kuripotiwa. Ugumu unaosambaa puani huweza kuwa rinoskleroma, ugonjwa wa bakteria ambao hutibiwa kwa antibayotiki za muda mrefu. Kifua kikuu nacho kimo. Hakuna jicho la daktari, hata la bingwa, linalomaliza mjadala huo bila hadubini.

Wengine kwa ufupi

Mama mjamzito anayetokwa damu pua moja, kukiwa na kinundu chekundu mbele karibu na ukuta wa kati, huenda ana himanjioma ya vishipa vidogo, inayochochewa na homoni na wakati mwingine kidole. Damu ikidhibitika, husubiriwa ajifungue, na baadhi husinyaa zenyewe. Isiposinyaa, hukatwa pamoja na msingi wake.

Osteoma ni uvimbe wa mfupa mgumu, hasa kwenye sainasi ya paji la uso. Wengi huambiwa wanao kwa bahati tu: kijana kaanguka na bodaboda, kapigwa CT ya kichwa, na ripoti inataja kitu ambacho hakikuhusiana na ajali. Osteoma ndogo isiyoziba mlango wa sainasi wala kuumiza huachwa, ikapigwa picha tena baada ya muda. Nimeona watu wakihangaika kutafuta fedha za kuitoa, na kwa maoni yangu hizo ni fedha za kulipia wasiwasi. Shwanoma, uvimbe wa ala za neva, na adenoma za tezi za mate zinazoota puani zipo pia, ila ni chache sana, na jina lake hujulikana maabara.

Kamera na safari ya rufaa

Kati ya tochi na CT kuna kipimo kimoja ambacho watu wanakiogopa bila sababu: kamera ya puani. Ni mrija wa chuma wenye unene wa milimita 4, wenye lenzi zilizobuniwa na mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins karibu mwaka 1960. Walter Messerklinger wa Graz, Austria, ndiye aliyeutumia kuisoma pua upya, na upasuaji wa kupitia tunduni ukaenea duniani miaka ya 1980. Kwa mgonjwa, mambo ni haya: pamba ndefu iliyoloweshwa dawa ya ganzi na ya kubana mishipa inasukumwa puani kwa kibanio, unaambiwa ukae nje kidogo. Kooni panakuwa pachungu, meno ya mbele ya juu unayahisi kama si yako. Kisha mrija unaingia na kwenye skrini unaona kuta za waridi zenye unyevu, halafu kile kigeni. Nyama ya mzio hung'aa kijivu. Papiloma ina mikunjo na uso wa kukwaruza. Angiofibroma ni laini, nyekundu ya zambarau, na mishipa inaonekana imetambaa juu yake. Daktari akiiona anarudisha mrija taratibu.

Kwa utaratibu wa rufaa, safari huanzia zahanati au kituo cha afya, hupitia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Amana, Mwananyamala au Temeke, na huishia Muhimbili kwa kesi nzito. Anayepelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani, asikate tamaa kabla hajasoma barua yake: mionzi iko huko, na wachache wenye papiloma iliyobadilika kuwa saratani huihitaji baada ya upasuaji. Mwenye bima aulize mapema kama MRI inahitaji kibali, kwa sababu kibali hicho kinaweza kuchelewesha tarehe kuliko foleni ya daktari.

Baada ya upasuaji pua huwa na pamba kwa siku moja au zaidi, kisha magamba kwa wiki kadhaa. Usipenge, usinyanyue ndoo ya lita ishirini, na kama chafya inakuja fungua mdomo. Kuosha pua kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ndiko kunakolainisha magamba. Maji ya bomba moja kwa moja hayafai.

Kwa papiloma, kamera hurudiwa baada ya wiki chache, kisha kila miezi michache kwa miaka miwili ya mwanzo ambamo nyingi ya zinazorudi hujitokeza, halafu mara moja au mbili kwa mwaka, angalau hadi mwaka wa tano. Wataalamu wengi wangependa iwe maisha yote, kwa kuwa zipo zilizorudi baada ya muongo. Angiofibroma hufuatiliwa kwa picha hadi kijana avuke umri wa kubalehe. Madaktari watahama na mafaili yatapotea, kwa hiyo CD ya picha zako na nakala ya majibu ya patholojia ziweke nyumbani, pamoja na ripoti ya upasuaji inayosema mzizi ulikuwa ukuta gani.